Usikiwashe Tena

Kisanduku cha kuhifadhia mafaili kikizimika ghafla, chomoa waya wake wa umeme ukutani na uuache hivyo hivyo. Usikiwashe tena kuona kama kitakubali. Usikipige kofi, usikitikise, wala usimwite kijana wa jirani aje ajaribu chaja nyingine. Nimetanguliza neno hili kabla sijajitambulisha kwa sababu huenda yupo msomaji ambaye chake kimezima usiku huu huu, na hana subira ya kusoma mpaka mwisho. Akilishika hilo peke yake, atakuwa ameshafanya sehemu kubwa ya kazi.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kibanda changu kipo Ngamiani, jijini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Kazi nyingi zinazoingia ni za kawaida: kioo kimepasuka, kibodi imemwagikiwa chai, kompyuta imekuwa nzito. Lakini kazi ninayoijali kuliko zote ni ya kurudisha data zilizodhaniwa zimepotea, na katika miaka ya karibuni nyingi zinatoka kwenye visanduku hivi vya mtandao wa nyumbani. Studio za picha ndizo zilizotangulia kuvinunua, kwa kuwa harusi moja ya kwetu, kuanzia singo hadi walima, hujaza diski upesi. Zikafuata familia zenye watoto Muscat, Dubai, Mombasa na London. Mtoto ananunua kisanduku, anakituma nyumbani na mtu anayesafiri, kinaunganishwa kwenye ruta ya sebuleni, na yeye huko aliko anafungua picha za nyumbani kama aliyekaa barazani nao.

Kwa nje ni boksi dogo la plastiki au bati, lisilo na kioo wala kibodi. Ndani mna diski moja, mbili au nne, na bodi ambayo kwa kweli ni kompyuta kamili inayoendeshwa na Linux. Waya mmoja unakwenda kwenye ruta, mwingine kwenye umeme kupitia adapta, ambayo kwa visanduku vingi vidogo ni ya volti 12. Simu na kompyuta zote za nyumba ile zinaona folda zile zile. Kinapofanya kazi, watu husahau kabisa kwamba kipo.

Jambo ninalotaka lieleweke ni kwamba kisanduku kuzima na data kupotea ni mambo mawili. Mara nyingi kilichokufa ni adapta, au bodi, au sehemu moja ndogo isiyogusa mafaili hata kidogo, na data zimelala salama juu ya sahani za sumaku. Kinachozimaliza ni yale yanayofanyika baadaye, pale watu wanapohangaika.

Nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu.

Mama mmoja wa hapa Ngamiani, mwalimu mstaafu, alifiwa na mumewe ambaye maisha yake yote alikuwa mpenzi wa taarabu. Wasomaji wanajua Tanga ni mji wa namna gani kwa taarabu: ndiyo iliyotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na mwimbaji Shakila aliimba na vyote viwili. Nyimbo zilizorekodiwa studio zimebaki na zitaendelea kubaki. Lakini mzee huyu alikuwa akibeba redio-kaseti yake mpaka kwenye harusi, miaka ya 1970 na 1980, akaiweka karibu na wapigaji na kubonyeza kitufe. Alichokusanya si wimbo peke yake. Ni ukumbi mzima: vigelegele, mtu akitunza, ubeti uliorudiwa mara ya nne kwa sababu wanawake wa mbele hawakukubali uishe. Hakuna redio wala duka lenye nakala ya usiku ule.

Mkanda wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, na hewa ya pwani haiupendi. Kaseti zake nyingi zilikuwa zimeota ukungu mweupe pembeni. Mtoto wao wa kiume aliyeko Muscat alipokuja likizo, alizicheza moja moja na kuziingiza kwenye kompyuta, akaongeza kanda za video za harusi za familia na picha za albamu, kisha vyote akaviweka kwenye kisanduku cha diski mbili za TB 2 kila moja. Alikipanga ili kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kiandikwe na kwenye ya pili. Akawaambia, sasa hata diski moja ikifa, nyingine ipo. Kaseti zilizooza zikatupwa.

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Asubuhi kisanduku kilikuwa kimya. Mjukuu, kijana mwenye nia njema, akaona adapta imekufa, akachukua chaja ya kompyuta ya mkononi ambayo kichwa chake kiliingia vizuri kwenye tundu. Taa ikawaka mara moja, ikatoka harufu ya kuungua, basi.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia aliponifikia, kisanduku kikiwa ndani ya kikapu cha ukindu.

"Marahaba, mwanangu. Humu ndimo ilimo sauti ya mume wangu. Niambie ukweli, kama haipo uniambie haipo."

Mjukuu alikuwa nyuma yake, na kwa bahati nzuri hakunificha kitu. "Shangazi, nilichomeka chaja ya laptopu. Kichwa kilikuwa sawa sawa." Nikamshukuru mbele ya bibi yake, na nilimaanisha. Fundi akiambiwa ukweli wa kilichotokea huokoa muda mwingi, na wakati mwingine huokoa diski yenyewe.

Chaja ile ilikuwa ya volti 19. Kichwa kuingia kwenye tundu hakumaanishi volti ni zile zile. Volti zimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha adapta, na hazisomwi na mtu yeyote mpaka siku ya msiba. Ndani ya visanduku vya aina hii volti 12 za adapta huenda moja kwa moja kwenye mota za diski. Maana yake ni kwamba diski zote mbili zilipokea kipigo kimoja, kwa sekunde ile ile. Ile nakala ya pili, iliyowekwa kwa ajili ya siku diski moja itakapokufa, ilikuwa kwenye waya mmoja na mwenzake.

Watengenezaji wa diski wanajua mambo haya hutokea. Chini ya kila diski pana bodi ya kijani au ya buluu, na kwenye diski nyingi, karibu na soketi ya umeme, pana vidiodi viwili vyeusi, kimoja cha njia ya volti 5 na kingine cha njia ya volti 12. Kazi yao ni moja: volti zikizidi, vinaupeleka umeme ardhini ili usifike mbele. Zikizidi sana, vinakufa vikiwa vimeungana ncha kwa ncha, na kuanzia hapo diski haiwaki kabisa kwa sababu umeme wote unapotelea hapo. Ndiyo sababu adapta nzuri ikichomekwa inajizima yenyewe.

Nilifungua bodi ya diski ya kwanza, nikaweka mita kwenye mlio, nikagusa ncha mbili za kidiodi cha volti 12. Ikalia. Nikageuza waya. Ikalia tena. Kidiodi kizima hakilii pande zote mbili. Nikakipasha moto, nikaking'oa kwa kibano, nikapima tena njia ile, na safari hii mita ikanyamaza. Diski nikaipa umeme kutoka kwenye pawasaplai ya mezani ninayoiamini, kwa kuwa bila kidiodi kile haina tena mlinzi na haifai kurudishwa kazini. Ikazunguka. Sauti ya diski nzima ikianza kuzunguka naijua hata nikiwa nimefumba macho: inapanda taratibu, kichwa kinatoka maegeshoni kwa mlio mmoja mwepesi, kisha inatulia.

Lakini nilipoisoma, nikakuta jambo ambalo hakuna aliyelitaja, kwa sababu hakuna aliyelijua. Linux inapounganisha diski mbili pacha, huandika kwenye kila moja kumbukumbu ya mara ya mwisho zilipokuwa pamoja. Diski hii ilikuwa imeachwa na mwenzake zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Iliwahi kukosea kusoma, kisanduku kikaiweka kando na kuendelea na ile nyingine peke yake, kikawasha taa nyekundu mbele kuomba msaada. Nikamuuliza Mwalimu kama aliwahi kuona taa nyekundu. Akafikiri, kisha akasema kisanduku kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kisipate vumbi.

Kwa hiyo diski iliyokubali kirahisi ilikuwa na mambo ya zamani. Kaseti za mwisho, zile mtoto alizoziingiza alipokuja tena likizo ya pili, zilikuwa kwenye ile diski nyingine, iliyokuwa bado haijakubali.

Taa hizo zisipuuzwe. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini kwenye kampuni yao. Waligundua kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika kujichunguza uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 zaidi ya ule wa diski isiyo na kosa. Waligundua pia kwamba diski nyingi zilikufa bila kutoa dalili yoyote kati ya zile walizozitegemea zaidi. Taa ikiwaka, shika. Isipowaka, usijione salama.

Kwenye diski ya pili kidiodi kilikufa vile vile, lakini umeme ulikuwa umeshapita. Chipu inayoendesha mota ilikuwa na kidonda katikati, kidogo, kama alama ya kiberiti. Hapo bodi lazima ibadilishwe, na wengi huharibikiwa hapa kwa kuchukua bodi ya diski inayofanana na kuifunga tu. Kila diski ina vipimo vyake vilivyoandikwa kiwandani siku ilipotengenezwa, vinavyoeleza vichwa vyake vilivyo na uso wa sahani zake ulivyo. Kwenye diski nyingi vipimo hivyo vimo ndani ya chipu ndogo ya miguu minane. Bodi ngeni bila chipu hiyo ni bodi isiyoijua diski iliyofungiwa. Kwa hiyo unatafuta bodi yenye namba ile ile iliyochapwa kwenye sahani ya saketi, kisha unaihamisha ile chipu ya miguu minane kutoka bodi iliyoungua kwenda kwenye nzima.

Bodi ilipatikana Kariakoo, kwenye diski kuukuu iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, ikaja na basi mpaka stendi ya Kange. Chipu niliihamisha kwa bloa, ile wanayotumia mafundi simu, upepo ukiwa mdogo na joto likipandishwa polepole ili zisipeperuke sehemu za jirani. Miguu minane ikakaa. Diski ikazunguka na kujitambulisha kwa jina na ukubwa wake.

Wenye diski wengi wakifika hapa wanataka kufungua folda mara moja. Mimi sifungui. Diski iliyopigwa inaweza kuwa na saa chache tu za uhai, na kila saa inayotumika kutazama picha ni saa iliyoibwa kwenye kunakili. Ninachofanya ni kuinakili nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, kwenye diski mpya kubwa zaidi, bila kujali ndani mna nini. Programu ninayoitumia ni ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, na ni ya bure. Uzuri wake ni namna inavyovumilia. Inapita kwanza kwenye maeneo mepesi na kuyachukua, ikikuta sehemu inayogoma inairuka na kuendelea, kisha baadaye inarudi kwenye magumu kidogo kidogo. Programu za kunakili za kawaida hufanya kinyume: hung'ang'ania palipoharibika mpaka kichwa cha diski kichoke.

Halafu ina daftari lake. Kila hatua inaandikwa kwenye faili ndogo: hapa nimesoma, hapa bado, hapa nimeshindwa. Umeme ukikatika katikati, ukirudi inaendelea pale pale ilipoachia. Kwa fundi wa Tanga jambo hilo lina maana kubwa. Hata hivyo kazi kama hii naiendesha kwenye betri na inveta, siyo moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.

Diski nzima ya TB 2 ikisoma kwa megabaiti 100 kwa sekunde humalizika kwa muda wa saa tano na nusu. Hii ilikesha na kushinda na kukesha tena, kwa sababu palikuwa na eneo moja lililochoka. Ilipofika mwisho, karibu yote ilikuwa imetoka. Nikaifungua ile nakala kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika hata herufi moja, na folda zikajitokeza kwa majina yao, jinsi mtoto alivyozipanga: jina la bibi harusi, mtaa, mwaka. Faili chache za video zilikuwa na matundu ya sekunde kadhaa ambamo picha inavunjika vipande. Kaseti zote zilikuwepo. Mwalimu alivaa vile visikilizio vyangu vikubwa, nikamchezea moja. Wimbo haukumgusa kama sauti ya mwanamume aliyekuwa karibu na kinasa, akimwambia mtu asogee asizibe.

Si kila kazi huwa nzito namna hii, na sitaki mtu aogope bure. Kisanduku kikifa bila harufu, bila mlio, jambo la kwanza ni kupima adapta kwa mita. Nyingi hufa kwa kuchoka, zinatoa volti 8 au 9 badala ya 12, na kuzibadilisha ni kazi ya dakika. Bodi ya kisanduku ikiwa ndiyo iliyokufa na diski ni nzima, diski inatolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta yenye Linux. Nasema Linux kwa kukazia. Ukiichomeka kwenye Windows haitaelewa namna mafaili yalivyopangwa, na itakuuliza kwa upole kama ungependa kuifomati. Nimeona watu waliojibu ndiyo. Jibu ni hapana, funga dirisha, chomoa.

Hata kwenye Linux zipo zinazosumbua. My Book Live, kisanduku cha Western Digital kilichoingia sokoni mwaka 2010, kilipangwa kwa vipande vya kilobaiti 64 kwa sababu prosesa yake haikuwa ya aina ya kompyuta zetu, na kompyuta ya kawaida hukataa kuifungua kama inavyofungua nyingine. Data zimo zote. Zinahitaji programu ya kuzisoma kutoka pembeni, na fundi asiyelijua hilo anaweza kukuambia diski imekufa.

Na kama diski inagonga, tik, tik, tik, kisha inanyamaza, kisha tik tena, hiyo si ya kwangu wala ya kibanda chochote cha mtaani. Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na unywele wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Sahani inazunguka mara 90 kwa sekunde kwenye diski za mwendo mdogo. Kichwa kilichovunjika hukwangua unga wa sumaku, na ndani ya unga huo ndimo zilimo picha zako. Diski ya namna hiyo hufunguliwa kwenye chumba kilichochujwa hewa na watu wenye vichwa vya akiba. Anayeifungua mezani, mlango wazi na upepo wa kusi unaingia na vumbi la barabarani, anaimaliza. Vivyo hivyo anayeifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye friza. Ushauri huo umezunguka miaka mingi, na kwa mji wenye unyevu kama wetu ni hatari maradufu, kwa maana diski ikitoka kwenye baridi hewa ya Tanga huigandia majimaji papo hapo, nje na ndani.

Mambo yaliyofutwa na mkono wa mtu ni habari nyingine. Zipo TestDisk na PhotoRec, kazi ya Christophe Grenier, nazo ni za bure. PhotoRec haitafuti majina. Inapita kwenye diski ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, kama picha za JPEG ambazo baiti zake za kwanza ni FF D8 FF. Picha zinarudi, majina hayarudi, na unabaki na maelfu ya picha zenye namba. Inawezekana tu kama hakuna kilichoandikwa juu yake, ndiyo maana narudi pale pale pa kuchomoa umeme. Kwenye diski za kisasa zisizo na sahani, SSD, matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu zenyewe hujisafisha nafasi zilizofutwa bila kukuuliza.

Tena kuna ufutaji unaotoka mbali. Juni 2021 wenye My Book Live sehemu mbalimbali za dunia waliamka wakakuta visanduku vyao vitupu. Mtu asiyejulikana alikuwa ameviamuru kupitia intaneti vijirudishe kama vilivyotoka kiwandani, kwa kutumia kasoro iliyokuwamo kwenye programu ya visanduku vyenyewe. Visanduku hivyo vilikuwa havipati masahihisho ya programu tangu 2015. Januari 2022 vikafuata visanduku vya QNAP: genge lililojiita DeadBolt lilifunga mafaili ya watu na kudai bitikoini 0.03 kwa kila mmoja. Kwa familia zetu zenye mtoto ughaibuni hili linahusu moja kwa moja, kwa kuwa ili Muscat waone picha za Tanga, mtu amefungua mlango kwenye ruta. Kama programu ya kisanduku haipati tena masahihisho, mlango huo ufungwe, kisanduku kitumike ndani ya nyumba tu.

Vijana huniuliza kwa nini watu wasiweke kila kitu kwenye wingu na kusahau visanduku. Tuhesabu. TB 2 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde zinachukua zaidi ya siku 18, usiku na mchana bila kukatika. Na Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, mtandao wa Tanzania na majirani zetu uliyumba kwa siku kadhaa. Wingu ni zuri kwa yale machache usiyoweza kuyapoteza, na kaseti za mzee yule sasa zipo huko, kwa kuwa sauti ni nyepesi. Video bado zinahitaji diski. Ninachowashauri watu ni diski ya pili ya kawaida, inayochomekwa, inanakiliwa, inachomolewa na kupelekwa nyumba nyingine kabisa. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alilipa jambo hili hesabu rahisi: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mbali. Ya Mwalimu inakaa kwa dada yake Lushoto, ambako hata chumvi ya bahari haifiki.

Jambo la siri nalo lisemwe. Fundi anayerudisha diski anaona vyeti, mikopo, barua, picha ambazo hazikukusudiwa macho yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inatuhusu hata sisi wa vibandani. Muulize fundi wako nakala ya kazi itakaa wapi na itafutwa lini. Muulize kama ataandika chochote kwenye diski yako ya asili. Jibu sahihi ni hapana. Akikujibu kwa kukwepa, beba diski zako uondoke.

Na kama visanduku vyako vimefungwa kwa nywila, yaani data zenyewe zimefichwa, hakuna bodi ya Kariakoo wala programu yoyote itakayokusaidia bila ufunguo. Uandike kwenye karatasi, uiweke panapokaa hati ya nyumba.

Ukija kwa fundi, njoo na kila kitu. Kabla hujazitoa diski ziandike namba kwa kalamu, moja, mbili, tatu, nne, kwa mpangilio zilivyokaa, maana kwenye visanduku vya diski nyingi mpangilio huo ni sehemu ya data. Zifunge kila moja peke yake kwenye kitambaa au sponji, zisigongane njiani, hasa ukija kwa bodaboda. Njoo na kisanduku chenyewe hata kama kimeungua. Njoo na mtu aliyekuwepo kilipozima. Na adapta, tafadhali, njoo nayo, ya kwake na ile nyingine mliyoijaribu.